Nyambura na Vita vya Tarehe Zilizopinduka

Tulieni, enyi wana wa Malvern na Doornfontein! Nanyi mliokwama kwenye robot, ile taa ya kuongozea magari, ya Jules Street, zimeni redio, niwasimulie siku ile Nyambura binti Kamande, mkutubi wa chuo, mlinzi wa rafu elfu, alipokishika kipanya cha kompyuta kama shujaa ashikavyo mkuki.

Saa nane mchana Arlène, mwanafunzi mzaliwa wa Bukavu, alimjia macho mekundu. Mwaka mzima alikuwa amezunguka saluni akiwaandika wasusi mia tatu na kumi na wawili: siku walipoanza kutumia dawa fulani ya kulainisha nywele, na siku kifua kilipoanza kubana. Saa kumi baraza la afya lingekaa kuamua kama dawa ile ichunguzwe, na Profesa Moffat, msimamizi wake, alikuwa amekataa kutia sahihi.

"Mama Nyambura," akalia, "data inasema bamama walikohoa mbele ya kugusa dawa, kabla hata hawajaanza kuitumia! Profesa anasema nimebuni. Mie, nibuni kikohozi cha dada yangu msusi?"

"Binti," akanena Nyambura, akisimama wima, "zamani kazi yangu ilikuwa kugonga mihuri na kudai vitabu vilivyochelewa. Leo naitwa mkutubi wa data, na nusu ya chuo hawajui maana yake. Basi na wajue! Nipe jedwali."

Akaingia vitani. Safu kwa safu akazipekua, miwani iking'aa, chai ikipoa. Ghafla akakuna kidevu: kila tarehe yenye kasoro, siku yake haikuvuka kumi na mbili, idadi ya miezi ya mwaka.

"Daftari lako lasemaje kuhusu huyu wa kwanza?"

"Alianza tarehe tano, mwezi wa tatu."

"Eish! Kompyuta imesoma tarehe tatu, mwezi wa tano. Imegeuza siku kuwa mwezi, na mwezi kuwa siku!"

Wakazirudisha tarehe mahali pake, moja moja, daftari likiwa shahidi. Saa kumi kasorobo Profesa Moffat akashuka mwenyewe, akasoma akiwa amesimama, akavua kofia.

"Arlène, nimekukosea," akasema. Akatia sahihi.

Arlène akapiga kigelegele kilichotikisa madirisha. Wasomaji wote wakageuka kumtazama Nyambura, aliyewanyamazisha watu kwa miaka kumi na tisa. Naye akajaza kifua pumzi, akapiga cha pili.

Iandikwe basi, na vitukuu wafundishwe: mkutubi alipiga kigelegele ndani ya maktaba, na hakuna aliyethubutu kumwambia shh.