Ombi la Kusafirishwa Kama Mzigo wa Ratili Sitini na Mbili

Dunda, Bagamoyo
2 Januari 1954

Kwa Bwana Meneja wa basi la Nyota ya Dunda,

Shikamoo. Nimeapa kueleza yote bila kuficha, hata yale ya aibu.

Jumatatu tarehe 11 natakiwa niwe Dar es Salaam, katika shule ya bweni ya wasichana. Nikichelewa, nafasi yangu atapewa mwingine. Nauli ni shilingi tatu. Baba anazo mbili, na asema ya tatu bado haijazaliwa. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu:

1. Karani wenu, Bwana Mwishehe, asema nauli hutozwa kwa kichwa. Lakini serikali hutoza kodi ya kichwa wanaume tu. Kwa hesabu ya serikali, basi, mimi sina kichwa, nanyi mwanitoza kwa kitu nisichokuwa nacho.

2. Kisicho na kichwa ni mzigo, na mzigo hulipiwa senti tatu kwa ratili. Nimejipima kwenye mizani ya mbata, ile ya kupimia nazi kavu: ratili sitini na mbili, bila viatu. Hiyo ni shilingi moja na senti themanini na sita. Hata chenji itabaki.

3. Bwana Mwishehe akasema uzito peke yake hautoshi. Godoro la sufi la shangazi yangu Biubwa lilikuwa jepesi, lakini mlilitoza kuliko gunia la chumvi kwa sababu "linakula nafasi". Sawa. Mimi nikisimama nina futi nne na nusu, lakini nikikunja magoti na kuinamisha kile ambacho serikali haikihesabu, naenea katika sanduku la chai. Nimejaribu. Taabu ilikuwa kutoka.

4. Nilipomweleza haya, alicheka mbele ya abiria wote, akasema, "Haya binti Kibwana, nenda ukajifunge kamba kwanza, tukubandike na anwani!" Kamba ninayo. Anwani nimeiandika kwa hati nzuri. Nimerudi mara mbili, naye angali anacheka. Si haki ofisi itoe masharti, kisha iyacheke yakitimizwa.

Naomba nipakiwe Jumamosi, mbali na samaki wakavu.

Nisalimie dereva, watu wote wa nyumbani kwako, na Bwana Mwishehe pia, maana sina kinyongo.

Ni mimi mzigo wako mtiifu,
Mwanamvua binti Kibwana

Baada ya sahihi: Nimekumbuka sanduku langu la shule, ratili arobaini. Abiria huchukua sanduku bure, lakini mzigo hauwezi kuwa na mzigo wake. Nikijumlisha, napata shilingi tatu na senti sita: kuwa mzigo ni ghali kuliko kuwa mtu. Basi niandike mtu. Njia itakayobaki nitatembea, lakini tafadhali unijibu kwa posta ya kwanza: shilingi mbili zinamfikisha mtu wapi?