Wahudumu Sita wa Faraja Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku mbaya. Barua ya kaunti imefika ofisini kwangu hapa Matisi kabla sijamaliza chai. Ijumaa saa tatu asubuhi afisa atakuja kukagua Faraja Nyumbani, kampuni yangu ya kuhudumia wagonjwa na wazee majumbani kwao. Anataka kuwaona wahudumu wote sita, na vyeti vyao. Sita! Nani alisema sita? Mimi. Niliandika hivyo kwenye fomu.

Ukweli ni kwamba ninaye mmoja. Phelista. Amesoma, ana cheti, ana mgongo unaouma. Anazunguka nyumba tatu, kutoka Kitale hadi Bumula. Wa pili alikuwa Kipkirui, lakini Jumamosi alihamia kwa Jeruto, ng'ambo ya barabara. Jeruto naye anahudumia wagonjwa. Ana watu kumi na wawili, wote wamesomea. Leo aliniuliza hali ya wafanyakazi wangu. Nikamwambia nimejaa, ninawarudisha watu mlangoni. Akatabasamu. Sipendi anavyotabasamu.

Kipkirui ndiye aliyekuwa akimhudumia Mwalimu Noah kule Myanga. Basi nitaenda mwenyewe. Kukaa na mzee ni kazi gani?

Jumanne, 4 Machi

Ni kazi!

Mwalimu Noah alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi. Mwaka jana kiharusi kilimlaza, upande wa kushoto wote umekufa. Akili nzima kabisa, kwa bahati mbaya. Binti yake Everlyne yuko Nairobi, ndiye aliyetuajiri. Usiku mzee huangaliwa na dada yake, mama mkongwe asiyeweza kuinua hata ndoo.

Anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Nilimgeuza mara moja. Kiuno changu kikalia kama mlango mbovu. Nikakaa kupumzika. Ukutani kuna karatasi ya kujaza kila anapogeuzwa. Nikaona heri niijaze yote, mpaka Alhamisi jioni, nipate nafasi ya kufikiria mambo ya Ijumaa.

Nilidhani amelala.

"Mukhisa." Ulimi wake mzito, lazima umngoje. "Umeandika umenigeuza saa nane mchana."

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

"Sasa ni saa nne asubuhi."

Nikamweleza kwamba ule ni mpango wa kazi.

"Mwandiko wako ni mzuri," akasema, akafumba macho. Hakunisemesha tena siku nzima. Sijui kwa nini liliniuma.

Jumatano, 5 Machi

Myanga sikwenda. Dharura.

Nimepata wahudumu! Wanyonyi, kiongozi wa kwaya yetu, amekubali kuja Ijumaa na waimbaji wanne. Pamoja na Phelista, sita kamili. Nimewaambia ni kusimama tu kwa heshima, jambo wanalofanya kila Jumapili. Makoti meupe nimeazima buchari, kwa muuza nyama. Nimeyafua mara mbili. Doa moja la damu limekataa kutoka, lakini hii si ni kazi ya afya?

Dada yake Mwalimu alipiga simu kuuliza mhudumu yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Alipiga mara tatu. Nikasema yuko njiani mara tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Phelista alipita Myanga bila kutumwa, akitoka Bumula na mguu wake ukiwa umevimba. Akanipigia. Mwalimu ana kidonda nyongani. Ngozi imefunguka, nyama inaonekana. Amelalia upande mmoja tangu Jumanne, juu ya shuka lenye mkojo.

Nikasema labda ni godoro.

"Bosi, nimesimama mbele ya hii karatasi. Inasema amegeuzwa saa kumi jioni leo. Saa kumi bado haijafika."

Nikamuuliza nani mwingine ameiona.

"Huyu mzee alinifundisha darasa la sita," akasema. "Ati nimemsafisha akaniomba msamaha. Yeye! Anaomba mimi msamaha!"

Alikuwa analia. Nikamsihi asimwambie Everlyne mpaka ukaguzi upite, siku moja tu. Akakata simu.

 

Ijumaa, 7 Machi

Aibu! Aibu tupu!

Afisa alikuja saa tatu kamili. Mama mpole, miwani, daftari. Phelista hakutokea. Kwaya ilisimama mstari mmoja, makoti yamenyooka. Vyeti? Nikasema vimepelekwa kuwekewa plastiki. Akaandika. Akasema si neno, basi wamwonyeshe jinsi ya kumgeuza mgonjwa. Mgonjwa hakuwepo. Nikalala mezani mwenyewe.

Wanyonyi akahesabu kama anavyoanzisha wimbo. Kwa tatu wote watano wakavuta, kila mmoja upande wake. Niliangukia bega. Afisa akauliza sasa wanafanya nini na mgonjwa aliyeanguka. Mama mmoja akaanza maombi.

Afisa akamuuliza Wanyonyi amefanya kazi hii kwa muda gani.

"Mimi huimba besi, madamu," akajibu.

Afisa hakucheka. Ningependa angecheka. Alifunga daftari, akaniuliza habari za mzee mmoja wa Myanga. Everlyne alikuwa ameshampigia. Kampuni imefungwa kuanzia leo. Jeruto aliona yote kutoka mlangoni kwake. Safari hii hakutabasamu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Nilienda Bungoma, hospitalini alikolazwa Mwalimu, na ndizi. Everlyne alikuwa kando ya kitanda. Hakunipigia kelele. Alisema kidonda kimefika karibu na mfupa, baba yake ana homa, na madaktari hawaahidi kitu. Akipona, watu wa Jeruto ndio watakaomhudumia. Phelista naye amehamia huko. Kisha akaondoka kwenda kutafuta dawa.

Tukabaki wawili. Mwalimu amekonda. Macho yake yalinifuata.

"Nigeuze," akasema.

Nikamgeuza. Polepole, mkono begani, mkono nyongani mbali na bandeji, mto nyuma ya mgongo, kama alivyowahi kunieleza Phelista. Hakupiga kite. Alikuwa mwepesi! Kumbe ilikuwa dakika mbili tu. Nikasimama pale nikitazama ukuta, na machozi yakanitoka, nikayapangusa kwa mfuko wa ndizi.

Nimeapa nitabadilika.

Jumanne, 11 Machi

Nimefikiri sana na nimegundua kosa lilipo. Si langu! Tatizo ni upungufu wa wahudumu waliofunzwa. Kaunti yenyewe inasema. Kwa hiyo nitafungua chuo. Kozi ya siku nne, cheti siku ya tano, mimi ndiye mkuu wa chuo. Leo tu watu tisa wamejiandikisha. Everlyne ametuma ujumbe kwamba homa haijashuka. Nimemjibu tunaomba.

Mwanafunzi mmoja, msichana mwerevu kupita kiasi, ameuliza watafanyia mazoezi kwa nani. Nimemwambia kuna mgonjwa tayari, kule Bumula. Ni mama yangu. Ana miaka themanini na mmoja na bado anapalilia mahindi yake mwenyewe, lakini akilazwa vizuri atafaa. Sijamwambia. Hupenda wageni.