Mwingereza Akishinda Jumapili

Jumamosi, 6 Julai 2013

Sijalala. Muriuki ana miaka miwili na anaamini jua likitoka nami niko kitandani, ni dhambi. Nyokabi ana mitano. Alitaka uji, kisha hakutaka uji, kisha akalia kwa sababu uji umeisha. Macharia alirudi kutoka zamu ya usiku, kule uwanja wa ndege wa Malton anakopakia mizigo, akanionyesha kidole mdomoni. Hiyo ndiyo kazi yangu ya Jumamosi: kunyamazisha watoto wawili katika vyumba viwili ili baba alale. Huku ughaibuni, Jumatatu hadi Ijumaa napanga sandwichi kiwandani. Jumapili kanisani. Mimi nalala lini?

Na baba mwenyewe hakulala! Aliangalia baiskeli kwenye simu. Ndiyo, baiskeli. Wanaume wembamba wanazunguka Ufaransa wiki tatu, kwa hiari yao. Ghafla akapiga kelele mpaka Muriuki akaangusha kikombe. Mwingereza amepanda mlima akawaacha wote, amevaa jezi ya njano! Anasema huyo ni wetu, kazaliwa Nairobi. Nikamuuliza mbona basi ni Mwingereza. Akasema karatasi ni za Uingereza, mapafu ni ya Kenya. Mwaka jana pia alishinda Mwingereza, mwingine. Na mwaka huu huyu hagusiki.

Hagusiki! Wazo lilinijia nikisugua chupa ya maziwa.

Jirani yangu wa mlango wa mbele ni Dative, Mkongo wa Bukavu. Watoto watatu, mdomo wa watu kumi. Anashabikia Wafaransa kwa sababu anajua Kifaransa. Na Jumamosi anatamani kwenda mazoezi ya kwaya ila hana wa kumwachia watoto. Yaani anatamani ninachotamani mimi. Mtu kama huyo huwekewa dau. Si la pesa. La watoto.

Jumatatu, 8 Julai

Mvua ya Nuhu! Nusu ya jiji haina umeme, lifti imekufa. Nimepanda ngazi mpaka ghorofa ya kumi na moja, Muriuki mgongoni, Nyokabi akiniuliza kwenye kila kona kama tumefika. Katikati nikamkuta Dative ameketi kwenye ngazi, viatu mkononi, watoto wamemwegemea kama magunia.

Nikajua Mungu amenifungulia. Mtu aliyechoka hukubali lolote. Mimi nilikuwa nimechoka kuliko yeye, lakini mimi ndiye mwenye mpango.

Nikamwambia: Mwingereza akishinda Jumapili ya mwisho huko Paris, watoto wangu watashinda kwako kila Jumamosi ya Agosti. Asiposhinda, wako watashinda kwangu. Nilikazia Jumapili, nilikazia Paris. Dative ni mtu wa kudai ushindi Jumatano.

Akauliza, Jumapili? Jumapili. Paris? Paris. Akakubali kabla sijavuta pumzi.

Tulipofika juu, Mama Gulshan alikuwa mlangoni kwake akitumulika kwa tochi. Ni Mhindi wa Ismailia, mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake kimenyooka kama shuka la pasi. Usipompa shikamoo hakusikii. Tukamwomba awe shahidi. Akatuambia turudie maneno yote polepole, maana alikaa dukani miaka mingi na hajawahi kuona wanawake wawili wakikumbuka jambo moja. Tukarudia. Akasema amesikia, na kwamba sisi wote hatuna akili, twende tukawabadilishe watoto nguo.

Jumapili, 14 Julai

Joto la kuivisha mayai. Leo ni sikukuu ya Wafaransa na Dative amevaa kitenge cha buluu, nyeupe na nyekundu. Ametualika tutazame kwake kwa sababu ana chaneli ya michezo. Alitualika ili atuzomee.

Mlima mrefu, mkavu, kichwa chake cheupe kama kipara cha mchungaji wetu. Mwingereza akaondoka kama ameona basi la mwisho. Hata hakusimama kwenye baiskeli, alikaa tu akazungusha miguu kama cherehani. Akafika peke yake! Mimi na Nyokabi tulicheza mpaka aliye chini yetu akagonga dari.

Nikamuuliza Dative kwa nini anawalilia Wafaransa, na mkoloni wa Wakongo alikuwa Mbelgiji. Akaniuliza na weye, Mwingereza alikufanyia nini, alikupa chai? Nikamwambia huyu si yule, huyu amekunywa maji ya Nairobi. Akasema nasema bongo. Nikamshukuru. Sijawahi kusifiwa akili katika nyumba ile.

Nilipofika kwetu, Macharia akanieleza kwamba kwa Wakongo bongo ni uongo. Nimerudisha shukrani zangu kimoyomoyo.

Alhamisi, 18 Julai

Nimetoka kazini mikono inanuka vitunguu. Hata mfuko sijatua, Dative yuko mlangoni anagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. Mfaransa ameshinda! Mlima mkubwa, umepandwa mara mbili, na Mfaransa ndiye wa kwanza! Tena Mwingereza wangu aliishiwa nguvu njiani, akaletewa sukari wakati usioruhusiwa, akaadhibiwa sekunde ishirini. Dative akamwita mwizi wa sukari. Watoto wake wakaitikia kwa Kiingereza kwenye kolido nzima.

Nimelia kidogo chooni. Ndipo Macharia akaja kuketi kwenye ukingo wa bafu akanifundisha. Kumbe kila siku ina mshindi wake, lakini siku zote zinajumlishwa. Mwenye jumla ndogo ya muda ndiye mwenye njano. Mwingereza bado anaongoza, tena leo amemwacha mpinzani wake mkubwa mbali zaidi. Mtu anaweza kushinda bila kushinda! Ajabu ya wazungu.

Nikatoka nikagonga kwa Dative. Nikamwambia kwa upole kwamba ushindi wa siku moja si kitu. Akatabasamu. Akaniomba nilirudie hilo ili asilisahau. Nikalirudia kwa furaha.

Jumamosi, 20 Julai

Leo mlima wa mwisho. Mwingereza ni wa tatu, lakini jumla ni yake. Macharia anasema imekwisha, labda aangukiwe na ndege. Nimeanza kuziba dirisha la chumbani kwa mifuko myeusi ya taka, kwa ajili ya usingizi wangu wa Agosti. Nilikuwa juu ya kiti na gundi mdomoni Macharia alipoongeza, kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa, kwamba kesho mwenye njano hashindani. Ni desturi. Wanaendesha polepole, wanagonga glasi za shampeni barabarani, kisha wale wenye mapaja mazito wanatimka mwishoni na mmoja wao ndiye anashinda Paris.

Anashinda Paris! Jumapili! Maneno yangu mwenyewe! Ndiyo maana Dative alikubali haraka. Yule mwanamke alijua tangu kwenye ngazi, akanitazama hivihivi nikijifunga kamba.

Nimekaanga mandazi, ya iliki, yale mazuri. Nimeyapeleka bado ya moto. Nikamwambia jirani, labda tubadilishe neno moja dogo. Akala. Watoto wakala. Akanirudishia sahani, akasema neno ni neno, na kwamba mandazi yangu yamezidi sukari, labda nimejifunza kwa Mwingereza.

Jumapili, 21 Julai

Hatukukaa kanisani hadi mwisho. Nilimwambia mchungaji mtoto anaumwa tumbo. Muriuki alikuwa anacheka.

Nyumbani kwa Dative: Dative, watoto watano, mimi, na Mama Gulshan kwenye kiti kizuri na chai yake mwenyewe, kwa sababu ya kwetu anasema ni maji yaliyotishwa. Wakatimka. Mjerumani akashinda! Dative akapiga vigelegele. Na Mwingereza wangu? Akaja nyuma ya kundi, amekumbatiana na wenzake mstari mmoja, wanacheka, kama watu wanaotoka harusini.

Dative akaanza kunitajia wanawe wanakula nini Jumamosi. Mkubwa hali maharagwe. Mdogo lazima abebwe.

Nilimtazama Nyokabi, ameegemea goti langu, amesinzia mdomo wazi. Nikaona Jumamosi zote za Agosti, watoto watano na mume wa kunyamaziwa. Nikamtazama yule Mwingereza kwenye runinga, njano mwili mzima, hata miwani. Ndipo neno likanifungukia.

Nikasimama. Shikamoo Mama Gulshan. Nikamuuliza, mtu akikaa sokoni tangu asubuhi hadi jioni, Kiswahili kinasemaje? Akasema ameshinda sokoni. Na huyu Mwingereza leo amekaa na nini mwilini kutwa? Na jezi ya njano. Basi ameshinda nayo! Nilisema akishinda Jumapili Paris. Ameshinda!

Dative akaruka. Bongo! Tena ameanzia Versailles, si Paris! Nikamwambia hata anayeshinda sokoni alitoka nyumbani kwanza.

Mama Gulshan alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. Akasema dukani kwake angenifukuza, lakini Kiswahili ni Kiswahili, na kwa Kiswahili mtu yule ameshinda. Nimeshinda! Dative akatazama sakafu, midomo ikicheza kama anayerudia sala. Nilimhurumia. Nikamwachia mandazi mawili.

Jumamosi, 3 Agosti

Siku yenyewe! Saa tatu asubuhi nikawapeleka. Nyokabi na mfuko wa nguo za kubadilisha, Muriuki na blanketi lake analonyonya pembe. Nyokabi akanishika shingo akauliza kwa Kiingereza nitafanya nini bila yeye. Nikambusu pande zote mbili, nikamwambia mama anakwenda kulala, na akinigongea mlango nitamfanya aoshe sufuria hadi awe bibi. Dative alinipokea kwa heshima mno. Hilo lilipaswa kunishtua. Halikunishtua.

Dirisha limezibwa. Giza zuri. Macharia anakoroma kwa adabu. Nikajilaza. Shuka lilikuwa baridi upande wangu. Nikasikia mifupa yangu ikishuka mmoja mmoja. Nikafunga macho.

Mlango ukagongwa.

Dative. Nyokabi na Muriuki mkono huu na huu, wanatoka jasho, wana riboni ya zawadi shingoni. Akasema amekuja kuwarudisha, wameshinda. Nikamuuliza wameshinda nini, hata sijageuka upande wa pili! Akasema wameshinda mbio. Alipanga mashindano ya kolido, kutoka mlangoni kwake hadi kwenye lifti, akawaambia watatu wake wawapishe wageni. Nyokabi wa kwanza. Muriuki wa kwanza kwa wale wa miaka miwili. Tulikubaliana watoto wangu washinde kwake kila Jumamosi. Basi, wameshinda kwake. Jumamosi ijayo pia watashinda, asiwe na shaka mtu.

Nilikwenda kwa Mama Gulshan nikiwa na gauni la kulalia. Nikasahau shikamoo, ikabidi nianze upya. Akasema, mwanangu, neno umelipasua mwenyewe mapande mawili, sasa mwenzako amechukua la kwake. Kisha akacheka tena, na safari hii hata hakuwa na chai ya kusingizia.

Nyokabi alinivisha riboni yake. Alisema kwa Kiingereza kwamba na mimi nimeshinda. Nilitaka kukasirika. Nikamwambia aniketie tumboni basi, awe na adabu. Tumelala sakafuni watatu chini ya meza, kama dakika tano, mpaka Muriuki alipopata kijiko.

Jumapili, 4 Agosti

Sikusikia mahubiri hata neno moja. Nilikuwa nafikiri.

Baadaye mwezi huu kuna mbio nyingine, za Hispania, wiki tatu vilevile. Kosa langu nimeliona. Kosa lilikuwa neno. Neno kushinda lina milango miwili, mtu mwenye akili haliachi wazi. Tukitoka kanisani nikamshika Dative penye kituo cha basi. Nikamwambia Mwingereza akivaa jezi ya njano siku ya mwisho huko Hispania, watoto wangu watalala kwako kila Jumamosi ya Oktoba; asipoivaa, wako watalala kwangu. Kulala! Sikutaja kushinda hata mara moja.

Akafikiri kidogo tu. Akauliza jambo moja: wakishalala kwake, kisha wakaamka, je? Nikamwambia wakiamka ina maana wamelala, tumemalizana, hatudaiani. Akanipa mkono. Akaniita fundi wa maneno.

Nyumbani Macharia ameniambia kule Hispania jezi ya kiongozi ni nyekundu. Nimemwambia asinichoshe na mambo ya rangi. Neno ndilo kila kitu, na safari hii nimelikaza pande zote. Nimeanza kumwonea huruma Dative.