Mchungwa wa Changarawe

Jumatatu, 12 Januari

Ujumbe umeingia saa tatu asubuhi. Wa Chausiku, mke wangu. Wa kwanza kwa wiki tatu. Naunakili kama ulivyo:

"Nitakuja jumamosi ya tarehe 24. Uku baridi sana. Nikute mchunga apo uwanjani, tule."

Makosa manne. Jumamosi huanza na herufi kubwa. Huku, si uku. Hapo, si apo. Na mchungwa una w. Miaka ishirini na minane nimekuwa msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji Dar, kisha mke wangu mwenyewe ananiandikia mchunga.

Nimemjibu palepale, nikamwonyesha H zake mbili na J kubwa. Hajajibu. La mchungwa nimelinyamazia makusudi, nataka nimshtukize.

Alikwenda kwao Nyandira, juu mlimani, mwezi wa tisa. Alisema wiki mbili tu, anapanda maharage. Kwa Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, kwa hiyo ana pa kwenda. Miezi minne sasa. Maharage gani hayo?

Mpango: mchungwa ndani ya siku kumi na mbili. Akiukuta, atabaki. Najua atabaki. Mtu hawezi kuuacha mchungwa wake.

Jumanne, 13 Januari

Nimekagua kiwanja. Nilikinunua kwa simu nikiwa bado Dar. Muuzaji alisema panaitwa Changarawe, karibu na Mzumbe. Nilidhani ni jina tu.

Jembe limeruka, nusura linivunje ugoko. Nimeazima sululu. Shimo la mti: kina cha sahani ya supu.

Halafu magugu. Ndago, mbigili, na zaidi ya yote gugu moja lenye maua ya njano na utomvu mweupe. Limetapakaa kila mahali, kuanzia mlangoni mpaka chooni. Ukilikata linacheka, mizizi iko chini kama nyaya za umeme. Nimeng'oa rundo la kufika kiunoni. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikalirusha ng'ambo ya ua, kwa Nasra.

Nasra ni jirani yangu, mjane, anauza mboga karibu na geti la chuo. Nilijiandaa kwa ugomvi. Badala yake akachungulia juu ya ua, akanipa shikamoo, akaniuliza kama kweli silihitaji. Nikamwambia hata jani moja. Akaniombea dua ndefu.

Ana sungura bila shaka. Nimempa takataka zangu na yeye ndiye anayeshukuru. Hii ndiyo akili.

Alhamisi, 15 Januari

Nimekwenda mjini kwa Kishor, mwenye duka la pembejeo. Nikamwomba mche wa mchungwa utakaozaa kufikia tarehe 24. Kishor akavua miwani, akaifuta, akaniambia mche wa kupandikiza huzaa baada ya miaka mitatu ukipendwa. Nikamwambia sina miaka mitatu, nina siku tisa. Akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Tangu mwezi wa tisa hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikakaa dukani saa nzima. Mkewe, Jayshree, akaleta chai ya tangawizi na kunisalimia. Kibao cha dukani kimeandikwa "Mbengu bora". Nikamwonyesha Kishor kosa. Akasema limekuwapo tangu enzi za baba yake na wateja hupata mbegu vilevile. Sikubishana. Chai ilikuwa nzuri.

Nimerudi na mche mmoja, urefu wa goti, majani ishirini na mbili.

Ijumaa, 16 Januari

Nimepanda. Nimeuwekea samadi ya mbuzi, gunia zima, mbichi, inatoa mvuke. Kishor alisema iliyooza, na kidogo. Wafanyabiashara wana tabia ya kubania.

Jioni nimefungua redio ili nyumba iwe na mtu anayeongea. Mtangazaji kasema "masaa". Nikamsahihisha kwa sauti. Kisha nikakumbuka kwamba hapo ndipo Chausiku angesema niache watu wafanye kazi yao. Nikangoja, kwa mazoea. Redio ikaendelea.

Nimetenga vikombe viwili tena. Kimoja nimekirudisha kabatini.

Jumapili, 18 Januari

Majani kumi na manne. Mengine yameungua kingo kama karatasi. Samadi hii si nzima.

Nimeendelea na lile gugu la njano, kwa hasira. Marundo matatu, yote kwa Nasra. Sungura wake watapasuka.

Saa saba Nasra akaniletea bakuli lililofunikwa sahani. Ugali na mboga, ya shukrani, kasema. Mboga chungu, imeungwa karanga. Ile ile aliyokuwa akipika Chausiku kila Jumapili kwa miaka thelathini na mmoja. Uchungu ule ule unaoanza nyuma ya ulimi. Nilikula wima jikoni. Bakuli lilipofika nusu nikalazimika kukaa chini, macho yamejaa maji. Ni pilipili, ingawa haikuwamo.

Nimemrudishia bakuli. Nilitaka kumuuliza ni mboga gani, nikaona haya. Mzee mzima huulizi jina la kitu ulichokila miaka thelathini na mmoja.

Jumatano, 21 Januari

Majani sita. Uwanja, kwa upande mwingine, mweupe kabisa. Hakuna kijani popote, waweza kuanika mpunga. Nasra kachungulia, kaniuliza kwa upole kama sitabakiza hata kidogo cha mgeni wangu. Watu wengine wana maneno ya ajabu. Nikamwambia mgeni wangu hali majani ya sungura. Akasema haya baba.

Ijumaa, 23 Januari

Siku ya kazi kubwa. Machungwa kumi na moja kutoka soko la Mwembesongo. Uzi wa kijani kutoka kwenye kisanduku cha ushonaji cha Chausiku. Kisanduku kinanukia mafuta yake ya nazi. Nilikifunga, nikakifungua tena, nikakifunga.

Kufunga chungwa kwenye tawi jembamba kama njiti ya kiberiti ni kazi ya fundi. La tatu liliinamisha mti mpaka chini. Nimeuwekea nguzo nne. Sasa mti una nguzo nne, majani matano na machungwa kumi na moja. Ukitazama kwa mbali, ukiwa umekunja jicho kidogo, ni mchungwa.

Nimekata nywele. Nimepiga pasi shati. Nimenunua kikombe kipya cha maua, chake.

Jumamosi, 24 Januari

Alifika saa tano, ameshushwa njia panda. Kapungua. Kavaa sweta la huko kwao. Kaja na kiroba cha karoti, kabichi na njegere. Nikampokea mzigo.

Akasimama getini. Akatazama uwanja, kutoka mlangoni mpaka chooni, polepole, kama mtu anayetafuta nyumba yake mtaani akakuta imebomolewa. Akauliza mchunga uko wapi.

Nikamwelekeza kwa mkono, nikiwa nimejaa fahari.

Akausogelea. Akainama. Akachuma chungwa moja, na uzi wake ukaja. Akautazama uzi ule. Akasema huu ni uzi wangu. Kisha akakaa kizingitini akacheka, na mimi nikacheka, mpaka nikaona mwenzangu hacheki tena.

Akaniambia, taratibu, kwamba aliandika mchunga kwa sababu alitaka mchunga. Mboga. Yenye maua ya njano na maziwa meupe. Kwamba kwao Nyandira ni baridi, haistawi, na miezi minne alikuwa akiiwaza iliyojaa uwanjani hapa, imeota yenyewe bila mtu kuhangaika. Alitaka aje achume, apike, tule, halafu tuongee habari ya yeye kurudi.

Akaniuliza miaka yote hii nilikuwa nadhani nakula nini.

Nikasema mboga chungu.

Akasema ina jina. Akasema hata siku moja hukuniuliza.

Nasra akaja na bakuli, akampa shikamoo dada, akaeleza yote bila kuulizwa: jinsi baba alivyomrushia marundo, jinsi walimu wa chuo walivyogombea mafungu. Hana sungura. Hajawahi kuwa na sungura. Wakala pamoja barazani, wakicheka, magoti yakigusana. Nami nilikula. Niliketi mwisho wa mkeka.

Jumapili, 25 Januari

Kaondoka na gari la kwanza. Hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu. Alisema amechoka kusahihishwa, tangu chumvi mpaka salamu. Alisema anapozungumza, mimi namsikiliza kama karatasi iliyoletwa mezani kwangu. Nikataka kumwambia karatasi haisikilizwi, husomwa. Nikajizuia. Naandika hapa ili ijulikane kwamba nilijizuia.

Kikombe kipya hakukitumia. Alikunywa kwenye kile cha zamani, chenye ufa.

Nimemkumbuka na gari hata halijaanza kupanda mlima.

Alhamisi, 5 Februari

Mvua imenyesha siku tatu. Mchungwa umekufa rasmi, nguzo ziko imara. Pembeni yake, na mlangoni, na njia nzima ya chooni, mchunga umechipua. Majani laini kabisa. Nimeuchuchumalia muda mrefu. Nasra kasema mizizi yake haifi, nisiuguse tu.

Na saa nne, ujumbe! Wa Chausiku. Naunakili kama ulivyo:

"Nataka uku uje. Nangoja."

Nimeusoma mara nyingi. Kila mara moyo unakwenda mbio. Ila sitakurupuka safari hii. Nimejifunza kusoma kwa makini.

Neno "uku". Mtu wa haraka angesema ni huku. Haiwezekani. H yake nilimsahihisha tarehe 12 Januari, tena kwa maandishi, na neno nililosahihisha mimi halirudiwi. Kwa hiyo herufi iliyokosekana si H. Ni K. Kuku. Na "uje" ni kidole tu kimeteleza, alikusudia "nije". Sentensi kamili: Nataka kuku, nije.

Basi ni hilo tu. Kuku. Mwanamke alitaka kuku muda wote huu na mimi nahangaika na miti.

Nasra kaniona nachukua sululu, kaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia siendi popote, Chausiku anakuja. Banda la kuku linataka mahali penye nafasi, na mahali penyewe ni hapa mlangoni mpaka chooni, penye mchunga. Nimeshang'oa nusu. Nasra hakuniombea dua leo. Aliokota tu.

Nguzo nne ninazo tayari. Kesho nakwenda kwa Kishor kuuliza wavu. Atanipa chai.

Chausiku nimemjibu: "Ujumbe umeeleweka." Hajasema kitu. Lakini nimelitazama tena lile neno lake la mwisho, "Nangoja". Herufi kubwa mahali pake, nukta mahali pake, halina kosa hata moja. Mambo yameanza kumwingia.