Sufuria ya Maji Hadi Mzani

Jumatatu, 3 Juni

Nimekuwa babu! Tangu Ijumaa, lakini leo ndiyo imeniingia vizuri. Mtoto wa kiume. Binti yetu mzima. Mkwe alipiga simu akilia kuliko mtoto mwenyewe. Wanakaa mji wa pili, mwendo wa asubuhi nzima kwa barabara kuu. Tunakwenda Jumamosi.

Nikatangaza mezani kwamba nitaendesha mimi. Mke wangu akaendelea kukunja nepi za mjukuu. Akasema, bila hata kuniangalia, kwamba yeye atakwenda na kaka yake.

Kaka yake! Shemeji yangu huyu mimi namwita Sekunde Tatu. Gari la mbele likipita nguzo, yeye anaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Akifika kwenye nguzo hiyo kabla ya tatu, anapunguza mwendo na kuomba radhi peke yake. Lori la matofali humpita. Trekta lilimpita mwaka jana, nililiona kwa macho yangu.

Nikauliza mimi kosa langu nini. Akasema mara ya mwisho nililiganda basi mgongoni mpaka akasoma majina ya watu kwenye mabegi yao. Akasema alifumba macho kutoka mzani wa malori hadi nyumbani. Sasa kama alifumba macho, ameona wapi kwamba naendesha vibaya? Na kile kioo cha pembeni kilichobaki njiani ni kosa la nguzo. Mimi ni fundi vioo, nilikibadilisha siku hiyohiyo.

Kwa hiyo mpango wao ni huu: babu mzima aende kumwona mjukuu wake wa kwanza akiwa kiti cha nyuma, amepakata mfuko wa nepi. Thubutu! Nitafanya juu chini.

Jumanne, 4 Juni

Nimenuna tangu asubuhi. Imesaidia. Mke wangu hawezi kumvumilia mtu anayenuna huku anaongeza chakula. Amekubali tushindane.

Masharti ni yake. Beseni lake jeupe litajazwa maji, yabaki kidole kimoja tu kufika ukingoni, kisha liwekwe kwenye buti. Dereva aende nalo hadi mzani na kurudi. Kesho mimi, keshokutwa Shemeji. Atakayerudi na maji mengi ndiye atakayeshika usukani Jumamosi. Nikamwomba apande ashuhudie. Akasema hana haja, maji yatamweleza kila kitu.

Jioni Shemeji akaja kunipa mawaidha. Bila kuombwa! Akasema niache nafasi mbele. Nitazame mbali, siyo bampa ya aliye mbele yangu tu. Nisikae ubavuni mwa lori ambako dereva wake hanioni. Anayetaka kunipita nimpishe, hata kama yeye ndiye mwenye makosa, maana nikiwa na haki yangu hospitalini itanisaidia nini. Huo ndio udereva wa kujihami, akasema.

Niliitikia kwa heshima zote. Kichwani nilikuwa nawaza silikoni, ile gundi yetu mafundi vioo.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya ushindi! Karibu.

Nimeondoka saa mbili na beseni langu, mke wangu akinipungia mkono mlangoni. Nikakunja kona ya kwanza, moja kwa moja dukani kwangu. Nikapima mdomo wa beseni. Nikakata kioo cha mviringo, chembamba, safi, hakina hata mkwaruzo. Nikakilaza juu kidogo ya maji, nikakizungushia silikoni isiyo na rangi. Nikanywa chai huku inakauka. Ukitazama kutoka juu unaona maji tu. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna mteja wa kuisifia.

Halafu barabara kuu! Nilikwenda kama niliyeitwa. Niliwapita wote waliopitika na wawili wasiopitika. Dereva mmoja wa lori alinipigia honi ndefu sana. Nadhani tunafahamiana.

Nikarudi. Mke wangu na Shemeji wakafungua buti. Maji yaleyale, halikupungua hata tone! Shemeji akainama, akatazama, akasema tangu aanze kuendesha hajawahi kuona kitu kama hicho. Nikamwambia ni mguu mwepesi tu. Nikaanza kuwaeleza namna ya kukanyaga breki kwa upendo.

Mke wangu akaona jani limeangukia kwenye maji. Akapeleka kidole alitoe. Kidole kikagonga. Ngo, ngo.

Akagonga tena. Akanitazama. Akabisha hodi.

Kisha akacheka mpaka akakaa chini, akapiga ardhi kwa kiganja, akamwita jirani. Nikadhani nimesamehewa. Wapi! Alipomaliza kucheka alikumbuka kwamba beseni ni lake. Nimekaa mchana kutwa na kisu, hakitoki. Ile silikoni ndiyo ninayotumia kwenye madirisha ya ghorofa. Maji bado yako humo ndani.

Nimeambiwa matokeo yangu yamefutwa.

Alhamisi, 6 Juni

Zamu ya Shemeji. Leo ni sufuria kubwa, maana beseni limestaafu. Nikadai niende naye kama refa, nihakikishe haibi. Mke wangu akaniuliza kama nimesikia ninachosema. Nikapanda hivyohivyo.

Mpango wangu ulikuwa rahisi: nimshtue akanyage breki ghafla, maji yamwagike. Tulipoingia barabara kuu nikapiga kelele, mbuzi! Hakushtuka. Akasema ameitazama njia mpaka kule kilimani na hakuna mbuzi, labda niliona mfuko. Nikapiga chafya kubwa sikioni mwake. Akanitakia afya njema.

Ikabaki kumtia hasira. Kila alipoacha nafasi yake ya sekunde tatu, mtu aliingia. Nikamwambia wanatudharau. Akasema waingie tu, kila mtu ana kwao. Kigari cha bluu kikatupita kwa fujo, kikajibana kati yetu na lori la mbao. Shemeji akapunguza mwendo akaanza upya: moja, mbili. Nikamwambia mwanaume halisi angekuwa pale kilipo kile cha bluu. Nakumbuka maneno hayo vizuri. Natamani nisiyakumbuke.

Lori likapasuka tairi. Mlio kama wa bomu, vipande vya mpira juu, moshi. Taa zake nyekundu zikawaka. Shemeji tayari alikuwa amepunguza, sijui lini. Akawasha taa zote za tahadhari, akatazama kioo cha nyuma, akasogea pembeni polepole. Tukasimama. Mbele yetu palikuwa na nafasi ya kutosha kitanda na kabati. Kigari cha bluu hakikuwa na nafasi hiyo. Kiliingia chini ya mbao, boneti yote.

Mbao ziliishia mbele tu ya kioo chake. Pale kioo kinapoanzia. Mimi ninajua kioo, najua kinavyozuia kitu na kisivyozuia.

Dereva wake akatolewa mzima. Kijana, anarudia kusema samahani, sijui anamwomba nani. Shemeji akamkalisha mbali na barabara, akaenda kuweka pembetatu ya tahadhari nyuma ili wengine wapunguze mwendo, kisha akatoa sufuria kwenye buti. Akamnawisha yule kijana uso kwa maji ya mashindano. Halafu akaja kwangu. Sikujua kwamba nimekaa chini. Akaninawisha na mimi, kama mtoto, akasema pole shemeji, pole.

Tumerudi na nusu sufuria. Mke wangu akatuuliza vipi. Shemeji akaniachia mimi niseme. Na nilitaka kusema. Kweli nilitaka! Lakini macho yakaiona sufuria, na mdomo ukasema: nusu tu, kamwaga nusu nzima.

Shemeji akainua mabega. Akasema basi Jumamosi aendeshe babu. Akaaga akaenda zake.

Nimeshinda.

Ijumaa, 7 Juni

Sijala. Mke wangu akajua. Akasema tangu nimwoe, mimi nikishinda hata mchezo wa karata nyumba haikaliki kwa majigambo, na jana nimeshinda jambo kubwa halafu nimekwenda kulala mapema. Akasema nimweleze.

Nikamweleza. Kigari cha bluu, mbao, maji yalivyotumika. Na kwamba pale kilipokuwa kile kigari ndipo ninapokuwaga mimi siku zote. Chai ilipoa.

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Akasema kila nikichelewa kurudi husimama dirishani akisikiliza magari, na kila linalopita ambalo si langu linamkata moyo. Akasema yeye hajali maji wala beseni. Anaogopa kumwonyesha mjukuu babu yake kwenye picha ya ukutani.

Nikalia. Nikamwambia nampenda. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia leo sitaki kitu, nampenda tu. Tukakaa hapo mpaka jirani akaja kuazima chumvi akatukuta tumeshikana mikono, akarudi bila chumvi.

Nikampigia Shemeji nikamwomba radhi. Akasema alishasahau. Nikasema kesho nitakaa nyuma na mfuko wa nepi, kwa hiari yangu. Mke wangu akafikiri. Akasema hapana, niendeshe mimi, ila kaka yake akae kando yangu. Nikamkumbatia akaniambia nisizidishe.

Jumamosi, 8 Juni

Tumefika! Salama salimini.

Njia nzima Shemeji alihesabu kwa sauti upande wangu, mke wangu akaitikia nyuma. Moja, mbili, tatu. Nilimpisha kila mtu. Nilimpisha hata mwenye baiskeli. Mzee mmoja kwenye pikapu aliinua mkono kunishukuru, na nikasikia raha ya ajabu ambayo sikuitegemea.

Ndipo nikawekewa mjukuu mikononi. Mwepesi! Mimi niliyezoea kubeba vioo vya mlango mzima nilisimama nimekakamaa, naogopa kupumua. Akafungua jicho moja. Akanikamata kidole akakikazia. Pua ni yangu kabisa. Mkwe anadai ni yake, nimemwachia kwa sababu ya ugeni wake katika ubaba.

Nikamnong'oneza kwamba babu atakuwa anakuja, kila mara, na atafika. Binti yangu alisikia, akageuza uso. Sijawahi kuwa na furaha namna hii. Mimi sasa ni mtu mpya, na naiandika hapa ijulikane.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji amebaki kule siku chache. Mkwe amemwomba amfundishe kuendesha. Kwa nini hakuniomba mimi? Sijui, labda aliona haya.

Tukarudi wawili tu. Mke wangu alikaa mbele, kando yangu, kwa imani. Nami nikaanza vizuri mno. Nikaacha nafasi. Gari la mikate likaingia. Nikahesabu upya, nikaacha nyingine. Teksi ikaingia. Nikaacha nyingine, akaingia mtu na godoro juu ya gari. Watu hawa hawana adabu! Hawajui kabisa udereva wa kujihami. Hakuna aliyewafundisha.

Basi nikaona ni wajibu wangu. Nilimsogelea yule wa godoro. Karibu, karibu kabisa, ili naye aonje uchungu wa mtu kukuganda mgongoni, na kuanzia leo awe anaacha nafasi. Lilikuwa somo. Nilimweleza mke wangu kwamba ni somo. Nikawa hata nahesabu: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, bila kubanduka kwenye godoro.

Mke wangu akasema kwa upole sana nisimame kwenye kituo cha mafuta. Nikasimama. Akashuka, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wangu, akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Ana leseni! Kumbe kaka yake amemfundisha kimyakimya, zile Jumapili zote aliposema anakwenda kwa fundi cherehani. Nilikuwa najiuliza mbona magauni hayaji. Akasema alitaka kunipa nafasi ya mwisho, nami nimeitumia kumganda mtu wa godoro.

Naandika haya nikiwa kiti cha abiria. Sikatai, anaendesha vizuri. Ametulia, anatazama mbali, amemwachia wa mbele nafasi hadi inatia huruma. Lori la matofali limetupita sasa hivi. Ameniambia nilale kidogo, ataniamsha tukifika. Mke mzuri sana huyu. Ila inaniuma kwamba anamwamini kaka yake kuliko mimi.

Lazima kuna mbinu. Shemeji akirudi nitamnywesha chai anieleze siri yake, amefanyaje mpaka kila mtu anakubali kupanda gari lake. Na asianze tena habari za kuacha nafasi. Hizo nimeshazisikia.