Nyama ya Harusi ya Docteur Appolinaire

Udaktari wake Appolinaire aliupata mtaani Nyamityobora, siku aliponunua miwani. Kabla ya hapo alikuwa akiuza mikanda ya suruali. Aliposikia kwamba Mama Mbabazi wa Biharwe, mwenye hoteli na ng'ombe wasiohesabika, anatafuta kitabu cha vyakula vya asili vya kutuliza sukari na presha, na kwamba mtunzi atakula na kulala hotelini bure mwaka mzima, akapanda gari kwenda kambi ya Nakivale. Wakimbizi wa Kongo, alijiambia, walikimbia mikono mitupu, lakini vichwani walibeba majiko ya bibi zao.

"Mama zangu," akawaambia, "kila pishi litaandikwa na jina la mwenyewe. Watoto wenu watayasoma kitabuni."

Hapo aliwapata. Watoto wale walizaliwa kambini, wakijua posho na maharage tu. Eugénie akatoa siri ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, Bénédicte akatoa uji wa ulezi uliomwinua mwanawe kitandani. Docteur akaandika huku akimaliza kila sufuria. Utafiti, alisema, huanzia mdomoni.

Alipokwenda kunawa aliacha daftari wazi, kwa imani kamili kwamba wanawake wa kambini hawajui a wala be. Habari za masomo ya jioni hakuwa nazo. Nyirabahire, mjane wa mfugaji kutoka milima ya Minembwe, akasoma taratibu. Sombe: uvumbuzi wa Docteur Appolinaire. Uji: uvumbuzi wa Docteur Appolinaire. Jina la mama, hakuna hata moja.

Akawanong'oneza wenzake, akakaa vizuri.

"Docteur, ya kwangu haujaandika. Kwetu kuko nyama ya harusi. Unapika nyama ya ng'ombe mu maziwa, maziwa mingi. Kisha batu banakunywa maziwa ingine juu yake."

"Inashusha presha?"

"Inashusha kila kitu."

Eugénie akainama kupuliza moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

Jumapili, Biharwe, Docteur akaifunua nyama ya harusi mbele ya Mama Mbabazi na wajomba zake. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mtoto yeyote aliyelelewa zizini, awe wa Minembwe au wa Ankole, kwao Mama Mbabazi, anajua kwamba nyama na maziwa havikutani tumboni siku moja, sembuse chunguni. Vikikutana, chuchu za ng'ombe hukauka. Docteur alilelewa na mikanda.

"Ssebo," mjomba mmoja akasema, akiokota fimbo, "nani alikutuma kuua ng'ombe yetu?"

"Si mimi, mzee. Haya mapishi si yangu, hata moja. Ni ya akina mama wa Nakivale. Hii ni ya Nyirabahire. Mimi niliandika tu."

Mama Mbabazi akainua uso. "Huyo Nyirabahire, watu yake wanafuga?"

"Tangu mababu, Mama."

Mama Mbabazi akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Basi huyo mama alijua. Huyo ndiye mimi nataka."

Akampa kalamu. Docteur akaandika majina ya akina mama, ukurasa kwa ukurasa, fimbo tatu zikimsimamia mgongoni, kisha dereva akaagizwa kwenda Nakivale.

"Na mimi, Mama?"

"Wewe ukae, ssebo. Hii sufuria ng'ombe yangu haiwezi kuona. Kula, iishe."

Gari lilipotoka getini kuwafuata watunzi, Docteur alikuwa kwenye kijiko cha nne, na sufuria ilikuwa ya harusi nzima.