Salsa ya Kijani na Moyo wa Msagaji

Jumatatu, 10 Juni 1991
Mama mdogo Crispina katangaza. Jumamosi ni misa ya mwaka tangu Mama atutoke. Baada ya misa, mimi na dada yangu Hermelinda tutasaga salsa ya kijani, rojo letu la pilipili na nyanya, kila mtu yake. Itakayofanana na ya Mama, mwenyewe anaondoka na kinu cha jiwe cha Mama.
Kinu! Utotoni sikuamshwa na jogoo. Niliamshwa na jiwe lile, kru, kru, kru, halafu pilipili zinaungua na nyumba nzima inakohoa. Lazima kije kwangu. Mwaka 1971 salsa yangu ilimliza jenerali mbele ya kikosi chake. Akanisaluti!

Jumanne, 11 Juni
Hapa kwetu inajulikana: salsa huchukua moyo wa msagaji. Ukisaga umenuna, inang'ata. Ukisaga unacheka, inapoa. Ya Mama ilikuwa moto kwa sababu kila asubuhi nilimkasirisha mimi.
Mpango: nimfurahishe Hermelinda mpaka Jumamosi. Mimi nijitafutie hasira. Akili hii haifundishwi shuleni, ndiyo maana niliacha darasa la nne.

Jumatano, 12 Juni
Nimemfagilia uwanja. Nimemwambia amependeza. Akanishika paji la uso, akauliza nina homa? Nikampa mkate mtamu. Akauliza nimevunja nini chake.
Tukakaa kumenya nyanya za kijani, zile zenye ganda kama karatasi. Vidole vikanata. Akanikumbusha nilivyovalisha vidole vyangu kumi yale maganda, nikavichezesha ngoma mezani. Mama akaja na mwiko anichape, akaishia kukaa sakafuni kwa kicheko. Salsa ya siku ile ilikuwa maji matupu. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Sijacheka hivyo tangu mazishi.
Kumbuka: mimi sitakiwi kufurahi!

Ijumaa, 14 Juni
Nimekwenda kwa Wenceslao kinyozi, anayeniibia kila tukicheza domino, anitukane kidogo. Akaninyoa bure. Nikamkanyaga mwenye bucha. Akaniomba radhi yeye! Ukitafuta ugomvi, mji mzima unakuwa na adabu.
Mpango nimemwambia Wenceslao peke yake. Kaapa hatasema.

Jumamosi, 15 Juni
Nyanya zangu ziliungua vizuri, madoa meusi panapotakiwa. Pilipili, kitunguu saumu, chumvi, giligilani. Nikashika jiwe, nikanuna. Nikafikiria kodi. Nikafikiria waamuzi wa mpira. Lakini jiwe likaanza kulia, na nikamwona Mama na aproni yake ya miraba, anapuliza moshi usoni. Nikajikuta natabasamu peke yangu. Balaa!
Mama mdogo akaonja, akasema, "Evodio mwanangu, hii mpe mtoto wa kunyonya."
Akaja Hermelinda. Mke wa kinyozi alikuwa amemnong'oneza yote kanisani, padri akiwa bado anahubiri.
"Mkate mtamu, eh?" akasema. "Kaka, leo utaukoma."
Akasaga bila kunitazama. Mama mdogo akachovya totila, chapati yetu ya mahindi, akatafuna. Machozi yakamtoka. Akasema, "Dada yangu huyu hapa." Tukalia wote. Mimi nililizwa na pilipili tu. Nilikula totila tisa, nikafuta bakuli kwa kidole.
Kinu kaondoka nacho Hermelinda, kakikumbatia kifuani.

Jumapili, 16 Juni
Nimelitafakari. Hasira iliyoshinda aliitia nani? Mimi! Basi nimeshinda, ila kinu kimepotea njia.
Na bado kuna jiwe la Mama la kusagia mahindi. Mama mdogo anasema atakayepika tamali nzuri zaidi Krismasi atalichukua. Sasa, tamali, unga wa mahindi unaopikwa ndani ya maganda ya mahindi, ni kinyume cha salsa: mpishi akiwa na hasira, unga hauivi hata uuchemshe siku tatu. Kazi rahisi. Miezi sita yote nimkasirishe Hermelinda!
Nimeanza leo. Nimesimama mlangoni kwake nikamwambia kwa sauti, majirani wasikie, kwamba salsa ile ni yangu na yeye alikuwa mkono tu. Akanibamizia mlango puani.
Pua imevimba. Mwanzo mzuri sana!